Punda Waliokimbizwa Siku ya Idi

Dodoma, 9 Mfunguo Mosi 1330
(21 Septemba 1912)

Kwa mdogo wangu mpenzi Abdulkadiri bin Hassani, karani wa boma, Kilimatinde.

Salamu nyingi kutoka kwangu dada yako Sikudhani. Funga imekwisha, Mungu atupokelee. Mama hajambo, ila macho yamezidi kufifia na sasa anatujua kwa sauti. Kila siku anauliza kama umeoa huko au bado unakula kwa watu. Kile kitambaa ulichomletea amekikunja sandukuni, anasema kitakuwa sanda yake. Nimemwambia sanda haina maua, akanijibu kwamba yeye atakwenda na maua yake. Uwele umetuishia mapema mwaka huu na visima vya huku juu vimekauka. Nakuandikia kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, nawe nijibu kwa hizo hizo. Zile zako za Kizungu sizijui, na sitaki mtu anisomee barua zetu.

Sasa jambo lenyewe. Hamidi wangu amekamatwa.

Unakumbuka mbio za punda za Idi. Babu alipokuwa mnyampara wa misafara, watu wakikaribia kambi ya mwisho walitupa uchovu wakaingia mbio, punda kwa watu, ili wenyeji wajue kwamba wamefika wanaume. Vijana wetu wanalifanya hilo kila Idi, toka penye stesheni mpaka sokoni. Mwezi wa Ramadhani jumbe alipita na ngoma akisoma tangazo la serikali: ni marufuku kukimbiza mnyama au baisikeli katika njia kuu, na atakayekimbiza atatozwa, au atapigwa viboko, au atafungwa mnyororo. Vijana walisikia. Wakasema Idi ni Idi, serikali haiwezi kuikataza sikukuu. Ndivyo walivyojidanganya, nami sikuwazuia, maana hata mimi nilisimama mlangoni nipige vigelegele.

Mzungu mmoja wa reli alitoka dukani amepanda nyumbu wa kufugwa. Nyumbu akawaona punda wanakuja na vumbi lao, akaruka, na yule bwana akaanguka akavunjika mfupa wa bega. Wenzake Hamidi wakapotea kama moshi. Yeye akashuka kwenye punda, akarudi kumwinua yule mtu. Askari walimkuta amemshika mkono. Sasa wanasema alimwelekezea punda kwa kusudi.

Wamempeleka huko kwenu kwa shauri. Shahidi ni Matonya, kwa kuwa alikuwa amekaa kando ya njia na ng'ombe wake wa kuuza, akaona yote. Moyo wangu umetulia kidogo kusikia ni yeye. Wengine wangeogopa, Matonya haogopi mtu. Tangu babu, sisi Wanyamwezi na wale Wagogo ni watani, na Matonya ndiye mtani wa nyumba hii. Siku ya kumzika baba alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka tumpe mbuzi, na mama akacheka ilhali machozi yanamtoka.

Basi wewe uko hapo hapo. Mjomba naye ni mama. Sema neno kwa Bwana Shauri kabla hajakata hukumu.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Sikudhani

*

Kilimatinde, 3 Novemba 1912

Kwa dada yangu mheshimiwa Sikudhani binti Hassani, Dodoma.

Nashika miguu yako, na miguu ya mama. Mimi ni mzima, ila homa ilinishika kidogo baada ya safari. Mwambie mama sijaoa, lakini nala vizuri, kuna mama mmoja wa Kimanyema anatupikia makarani. Huku upepo wa bondeni ni mkali na karatasi zinapeperuka mezani kama kuku. Namletea mama shuka jingine, hili halina maua.

Barua yako ilinikuta niko nje. Nilifuatana na Bwana mpaka upande wa Singida kwa kazi ya kodi, na niliporudi shauri lilikuwa limekwisha kusemwa. Nimesikitika sana sikuwapo.

Naomba uelewe amri ilivyo, maana watu wa mji hawaielewi kisha wanailaumu. Anayekimbiza mnyama njiani bila kuumiza mtu hutozwa. Anayekimbiza akaumiza hupigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Anayemwelekezea Mzungu mnyama kwa kusudi hupigwa na kufungwa mnyororo. Kwa hiyo shauri zima lilisimama juu ya neno moja, kusudi au si kusudi. Hamidi amepata hamsa ishirini na mnyororo wa miezi tisa. Kwa kadiri ya ushahidi uliotolewa, Bwana hakuonea.

Na ushahidi huo, dada, umetoka kwa mtani wako unayemsifu. Aliulizwa mbele ya baraza kama kijana alifanya kusudi. Akasema ndiyo, huyu ni mwovu toka tumboni, mnyongeni. Watu wote walisikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Usiseme ni serikali iliyomfunga mwanao, amemfunga Matonya.

Hamidi alijistahi. Hakulia. Alisimama na ile kanzu yake ya Idi imepasuka begani, akatazama upande wa meza, kisha akatazama chini mpaka mwisho.

Nakuomba mambo haya usiyaandike mara kwa mara. Barua hupita mikono mingi.

Mdogo wako mtiifu,
Abdulkadiri

*

Dodoma, 14 Mfunguo Tatu 1330
(24 Novemba 1912)

Kwa ndugu yangu Abdulkadiri.

Salamu. Shuka limefika na mama amelipapasa akasema ni zito, umekuwa mtu mkubwa. Idi ya kuchinja imepita. Hakuna aliyemtoa punda zizini. Watoto wa mtaani walikaa barazani wameshika fimbo zao za kuchezea, wanaangalia njia tupu.

Hamidi yuko hapa. Hukuniambia, labda hukujua. Wafungwa wameletwa kwa gari la moshi kutengeneza njia ya stesheni mpaka boma, na ndiyo ile ile aliyokimbia. Wanaponda mawe, wanasomba kifusi, chuma shingoni na chuma mguuni. Kila asubuhi anapita mbele ya mlango wangu. Siku ya kwanza nilitoka mbio na kibuyu cha uji, askari akanisukuma nikamwaga. Sasa nimejifunza. Nakaa barazani nachambua karanga, na wanapopita mkono wangu unateleza, karanga zinaanguka njiani. Askari mmoja anageuza uso pembeni. Mungu amlipe, sijui jina lake.

Mgongo haujapona. Mama hatujamwambia. Anasikia minyororo inapita, anauliza ni ng'ombe wa nani hao wenye kengele mbaya. Namjibu ni wa Mhindi.

Matonya hapiti tena hapa. Nilikutana naye kisimani, akageuka arudi. Nikamtukana mbele ya watu, si kwa utani, kwa kweli. Nikamwambia ameuza damu ya nyumba iliyomlisha. Alisimama akasikiliza hadi nikaishiwa na maneno, kisha akachukua ng'ombe wake kabla hawajanywa akaondoka. Mtani wa kweli angenirudishia mara kumi. Kunyamaza kwake kumeniudhi kuliko yote.

Lakini kuna jambo linanisumbua, nimelifikiria nikipika, nikilima, nikilala. Hamidi alipotolewa hapa kanzu ilikuwa nzima, niliikunja kola yake kwa mikono yangu. Wewe umeandika ilikuwa imepasuka begani. Umeandika alitazama meza kisha akatazama chini. Asiyekuwapo ameyaona wapi macho ya mwanangu?

Nijibu hilo tu.

Sikudhani

*

Kilimatinde, 6 Januari 1913

Dada yangu mheshimiwa, nashika miguu yako.

Nimechelewa kwa sababu ya kazi ya mwisho wa mwaka, makarani hatulali. Mvua imenyesha vizuri huku. Natumaini na huko mmepanda, na kile kishamba cha upande wa Makole mmekipanda mtama, si uwele tena. Mama apakwe mafuta ya nyonyo machoni jioni, sio asubuhi. Namletea Hamidi blanketi, mpe yule askari mwema ampelekee.

Habari za kanzu nilizipata kwa karani mwenzangu Bartolomayo, yeye alikuwapo. Mtu akihadithiwa vizuri huona kama ameona. Usiwe na shaka kwa mambo madogo.

Nataka ujue jinsi tunavyoishi. Mwaka juzi palikuwa na mkalimani hapa, mzee wa pwani, hodari. Siku moja mtu alisema maneno mawili barazani, naye akamfafanulia Bwana maneno kumi, kwa huruma. Bwana akagundua. Yule mzee akapigwa hapo hapo alipokuwa akisimama siku zote, kisha akafukuzwa. Tangu hapo amri ni kwamba mkalimani atoe kilichosemwa, asiongeze na asipunguze. Karani ni mdomo wa serikali, na mdomo hauna ukoo. Wewe unaona kalamu na kofia, huoni tunavyotetemeka.

Huenda nikapelekwa Daressalama mwaka huu, kwa kazi kubwa zaidi. Nikifika huko nitaweza kusaidia nyumba yote. Shauri la kupunguziwa Hamidi miezi nitalisema wakati utakapofaa. Subira huvuta heri.

Mdogo wako,
Abdulkadiri

*

Dodoma, 27 Mfunguo Tano 1331
(4 Februari 1913)

Abdulkadiri.

Mama anakusalimu. Tumepanda uwele, mtama ungekufa.

Matonya amekuja. Alibisha hodi mchana kweupe, akaamkia "mbukwenyi" kwa sauti ya chini, akakataa kiti. Akakaa chini penye mlango, pale wanapokaa wenye kuomba msamaha kwao. Nikamwambia sema uende. Akasema. Nakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza na bila kupunguza, maana ndiyo amri yenu.

Amesema, "Dada, mimi nilikwenda kule kumtetea mtoto. Nimeingia barazani naogopa. Bwana yuko pale, askari wako pale, sijui nianze wapi. Halafu nikamwona Abdulkadiri amesimama karibu na meza, ndiye wa kugeuza maneno. Moyo ukapoa. Nikasema, kumbe nipo nyumbani. Wakaniuliza, ni kusudi? Mimi nikaanza kama tunavyoanza siku zote na nyie. Nikasema, huyu Mnyamwezi? Huyu hata kuzaliwa kazaliwa kusudi atuudhi sisi. Mnyongeni leo, na nyama yake mnipe mimi nikalishe mbwa. Watu wakacheka. Askari wakacheka. Abdulkadiri naye alicheka, dada, nilimwona meno. Hamidi mwenyewe alitaka kucheka. Sasa nikawa nataka kusema lile neno la kweli, kwamba nyumbu ndiye aliyeruka, na mtoto alirudi kumwinua mtu. Abdulkadiri akawa ameshageuza. Bwana akapiga meza. Abdulkadiri akaniambia, basi, inatosha, Bwana amesikia. Nikamwambia, mwambie ni utani. Akaniambia, ukiulizwa utajibu."

Nikamuuliza Matonya kwa nini alinyamaza kisimani nilipomtukana. Amesema alidhani nimeshapata habari kutoka kwako, na kwamba nimeamua kosa ni lake. Akaona kama ndugu wawili wamekubaliana hivyo, yeye mtu wa nje aseme nini.

Hakuna mtoto wa Unyamwezi wala wa Ugogo asiyejua yale maneno ni nini. Mtani akikusifia, hapo ndipo uogope. Wewe ulinyonya maneno hayo. Matonya alimtania baba mbele yako mpaka kaburini. Na wewe ulitoa maneno yake kwa Bwana kama mtu anayetoa nyama bila kusema ni ya mnyama gani.

Sikuandikii nikusute, kusuta kutangoja. Hamidi ni mgonjwa. Chuma cha mguu kimemla mpaka ndani, mguu umevimba, na bado wanamtoa kazini. Karanga anaziacha njiani, haziinamii. Lakini muda upo. Mwambie Bwana neno moja tu, kwamba yale maneno ya shahidi yalikuwa utani wa makabila, na kwamba Matonya yuko tayari kurudi kusema upya. Matonya amesema atakuja kwa miguu hata kesho. Neno moja, Abdulkadiri. Shauri lilisimama juu ya neno moja, wewe mwenyewe ulisema.

Nakungoja.

Sikudhani

*

Kilimatinde, 18 Machi 1913

Dada yangu, nashika miguu yako na kuinamisha kichwa.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mama je? Mvua je? Huku nzige wadogo wameonekana lakini si wengi.

Ninayo barua yako na nimeisoma mpaka naijua. Sitabishana na Matonya. Lakini fikiri nawe. Nikienda leo nikasema yalikuwa utani, Bwana ataniuliza swali moja: ulijua siku ile? Nikisema sikujua, ataniona mjinga asiyefaa kazi. Nikisema nilijua, nitalala pale alipolala yule mzee wa pwani. Na kuna la zaidi. Siku ile Bwana aliniuliza kama mfungwa ni jamaa yangu, kwa kuwa aliona kijana ananitazama. Nilijibu kwamba simjui. Hilo limekwisha kusemwa mbele ya watu, halirudi tumboni.

Si kwamba sina moyo. Nilipokuwa nayageuza yale maneno nilidhani Bwana naye atacheka. Hakucheka.

Miezi iliyobaki si mingi. Ukihesabu toka alipofungwa, amekwisha kupita nusu. Yeye ni kijana, nyama ya kijana hurudi. Mwambie avumilie, na akitoka nitamtafutia kazi stesheni, neno langu hilo. Dawa ya mguu nimempa askari wa posta ailete, ni ya unga, ipakwe juu ya kidonda. Idi ijayo nitakuja nyumbani mwenyewe, tuketi, nikueleze ana kwa ana, maana kuna mambo kalamu haiwezi.

Naomba usinihukumu kabla ya hapo.

Mdogo wako,
Abdulkadiri

*

Dodoma, 5 Mfunguo Nane 1331
(12 Aprili 1913)

Kwa Bwana Karani, boma la serikali, Kilimatinde.

Baada ya salamu, napenda kukuarifu kwamba barua yako imefika, na dawa ya unga imefika. Mama hajambo. Mvua ilikuwa ya kutosha, uwele umesimama vizuri, ndege wameanza kuushambulia.

Hamidi bin Mbaraka, mfungwa wa serikali usiyemjua, amefariki. Homa ilipanda kutoka mguuni, wakamfungua chuma alipokuwa hajui tena kama amefunguliwa. Walituletea maiti Alhamisi. Dawa yako ilikuja siku iliyofuata, nami nimeimwaga nyuma ya nyumba.

Mama tumemwambia. Hakulia papo hapo. Aliuliza kwanza kama wale ng'ombe wa Mhindi wenye kengele mbaya walikuwa ndio Hamidi. Nikasema ndiyo. Akaniomba nimpeleke barazani, akakaa anasikiliza njia mpaka jua lilipozama. Anauliza kwa nini mjomba wake Hamidi, yaani wewe, hukusema kitu nawe uko bomani. Sijamjibu. Hilo nimekuachia wewe, na mdomo wako usio na ukoo.

Nikueleze mazishi, maana hukuwapo, na safari hii ni kweli.

Watu walijaa, hata Wagogo wa mbali walikuja na wake zao. Kaburi lilichimbwa. Tulipofika na jeneza watu wote wakasimama, wakaacha nafasi, kama inavyotakiwa, wakimngoja Matonya aruke ndani alale, adai mbuzi wake, aseme Wanyamwezi hawa hata kufa hawajui. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfunga mbuzi tayari. Nilimtaka aseme, Abdulkadiri. Nilitaka atukane, nicheke kidogo, kifua kifunguke. Matonya akaja mpaka ukingoni. Akafungua mdomo, watu wakainamisha masikio. Hakusema kitu. Akachukua jembe, akarudi nyuma, akangoja zamu yake ya kufukia. Tumemzika mtoto kimya, kama anavyozikwa mpita njia.

Baadaye nilimfuata na mbuzi. Akakataa kumpokea. Amesema hajafanya kazi ya mtani, hawezi kula mshahara wa mtani. Amesema yale maneno kila akiyatafuta yanamjia kwa sauti yako, yamekwisha kugeuzwa.

Sasa kuhusu Idi, umesema utakuja. Njoo. Ni nyumba ya baba yako, sitakufungia mlango, na mama anataka kukushika uso kabla hajafa. Nitakupikia. Utalala chumba cha Hamidi, hakuna kingine. Asubuhi utasikia njia ilivyo nzuri, wafungwa wameimaliza, imenyooka toka stesheni mpaka boma wala hakuna anayekimbia juu yake.

Nilimuuliza Matonya kama ukija atakuja kukutania, kama ulivyokuwa ukitaniwa tangu mdogo, akuite kichwa cha mbuyu na mwizi wa karanga. Akasema hapana. Akija Abdulkadiri, amesema, nitavua kofia, nitamwamkia kwa adabu kama ninavyomwamkia Bwana wa boma, na nitampisha njia.

Nami nitafanya hivyo hivyo.

Kwa heshima zote,
Sikudhani binti Hassani